Mdomo wa Kinamasi

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, tena msichana aliyesifiwa kwa kutunza maneno ya watu wazima, siku nilipotoa siri ya bibi yangu. Sikuitoa kwa ubaya. Nasema hivyo mapema, si kwa kujitetea, ila kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu miaka yote hii wema wa nia yangu haujanisaidia hata kidogo.

Tulikaa Bunia, mtaa wa Ngezi, upande wa chini, mimi na mama yangu na mama yake, katika nyumba ya matofali mabichi. Baba alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya dhahabu kabla ya vita, halafu barabara ikafungwa, naye akabaki huko. Bibi tulimwita Koko, kama wengi wanavyowaita bibi zao mjini kwetu. Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka ya mafunjo. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vyeusi kwenye kucha, na akikushika mkono ulihisi kama umeshikwa na mzizi.

Nyuma ya nyumba ardhi ilishuka polepole mpaka bondeni, na bondeni kulikuwa na kinamasi. Watoto tulikiita potopoto, kama tunavyoyaita matope yote ya Bunia. Koko alitukemea.

"Potopoto ni ya barabara mvua ikinyesha," alisema. "Ile kule iko nyumba ya mutu."

Huyo mtu alikuwa na jina: Mukaaji. Hakuna aliyewahi kumwona. Koko alisema ni mwanamke mzee kupita wazee wote, ameketi chini ya mizizi ya mafunjo, miguu ameinyoosha, na maji ya bonde zima ameyapakata kama mtoto mchanga. Kazi yake ni moja tu, kukaa. Akikaa yeye, na maji yanakaa. Lakini ni mtu wa kuchoka upesi na kelele, na chuma hakipendi. Ukimfungulia njia atasimama aende zake, na akisimama, maji yatamfuata.

Kwa hiyo jembe halikuingia kule, wala panga. Koko aliyang'oa mafunjo kwa mikono, ya pembeni tu, akichagua moja hapa, moja pale, huku akisema maneno ambayo sikuyasikia vizuri. Chini ya kinamasi, kama hatua arobaini kuelekea nyumba za majirani, maji yalitoka katikati ya mawe, safi, ya baridi, kiasi kilekile wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Tuliita pale sursi. Avenue yetu nzima, barabara yetu na nyumba zake zote, ilichota pale. Asubuhi ungekuta mstari wa bidoni, madumu ya manjano ya maji, na watoto wamekalia bidoni zao wakisubiri zamu.

Kila mvua zilipokaribia kuanza, Koko alinichukua mimi peke yangu kwenda mahali alipopaita mdomo. Ndiyo sehemu nyembamba ya kinamasi, mwishoni, ambapo ardhi ya pande mbili inakaribiana. Mafunjo yalikuwa yamesongamana pale kiasi kwamba ukipita pembeni huoni tofauti yoyote. Lakini chini yake palikuwa na ukingo wa udongo wa mfinyanzi, mgumu, upana wa chumba kimoja hivi, na ukingo huo ndio uliozuia yote. Kaa wa matope walitoboa matundu humo kila mwaka. Sisi tulivua viatu, tukatafuta matundu kwa nyayo, tukayaziba kwa udongo, kisha tukakanyaga, polepole, kwenda na kurudi, kama watu wanaokanyaga udongo wa kukandika nyumba. Hatukusema kwa sauti. Jua lilikuwa linapanda, matope yalikuwa ya baridi kati ya vidole, na mimi nilijiona mtu mkubwa sana.

"Mama yako nilimufundisha hivi hivi," Koko aliniambia. "Sasa weye. Tuko watatu tu, usisahau. Mutu mwengine akijua, siku moja atakuwa na haja ya kufungua."

Sikuelewa kwa nini mtu awe na haja hiyo. Miaka miwili baadaye nilielewa.

Vita ilipopamba moto upande wa Djugu, watu walianza kufika Bunia kwa miguu, na godoro kichwani, na kuku chini ya kwapa, na wengine bila chochote. Siku moja, mvua ikinyesha, alifika ndugu ya mama yangu, Mjomba Anselme, pamoja na mke wake na watoto wanne. Mkubwa wao, Espe, alikuwa na miaka tisa. Mdogo kabisa alikuwa mgongoni, mvulana anayeitwa Plamedi, hajatimiza hata mwaka. Nyumba yao ilikuwa imechomwa. Mashamba yao, maharagi karibu kukomaa, wameyaacha yamesimama.

Mjomba alilelewa kwa ndugu za baba yake huko Djugu, mkulima tangu utoto, mtu mwenye mabega na sauti. Nyumbani kwetu alinyamaza. Aliamka, akakaa kwenye kigogo mlangoni, akaitazama mikono yake. Tulikuwa watu tisa sasa, na chakula cha watu watatu. Mama alifua nguo za watu, Koko alisuka, lakini nani alinunua mkeka wakati ule? Tulikula fufu ya muhogo mara moja kwa siku na sombe, majani ya muhogo, isiyo na mafuta. Mama Espe, mke wa mjomba, maziwa yalimkauka. Plamedi alinyonya bure mpaka akaacha hata kulia. Alitoa sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta, ndogo, isiyokwisha, na Espe alimtia ncha ya kitenge mdomoni anyonye hiyo.

Ndipo mjomba akaanza kukitazama kinamasi.

"Mama," alimwambia Koko tukiwa tumekaa uani wote, "ule udongo iko mweusi kabisa. Nikitosha maji, pakauke, lengalenga itatoka kwa wiki tatu tu. Maharagi, viazi, kila kitu."

Koko hakuacha kusuka. "Ile maji imekaa. Haiombi kutoka."

"Watoto watakula nini?"

"Mungu anajua."

"Mungu anajua, ndiyo. Lakini weye, mama, unasema nini? Watakula nini?"

Koko alisuka mstari mmoja mpaka mwisho, akageuza, akaanza mwingine. Nimelifikiria sana lile jibu ambalo halikuja. Alikuwa na maneno ya kulinda maji, aliyopewa na mama yake, naye na mama yake. Lakini maneno hayo yalitungwa na watu waliokuwa na mashamba ya kutosha mahali pengine. Kwa njaa ya watu tisa waliorundikana uani, hakuwa na neno.

Mjomba alingoja siku chache, kisha akachukua jembe akashuka. Koko alimwona, akaingia ndani akafunga mlango. Lakini mjomba hakujua siri ya mahali pale. Alichimba mtaro katikati, na siku ya pili mtaro ulijaa maji, na mtaro wa pili aliouchimba vilevile. Majirani walicheka. Koko alipumua kwa nafuu, nadhani.

Siku ya nne nilimpelekea mjomba kikombe cha maji. Alikuwa ameketi pembeni ya kinamasi, matope mpaka magotini, jembe limelala kando. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

"Debora," alisema, "weye umekulia hapa. Hii maji inatokea wapi? Naitoa huku, inarudi huku. Nachimba kama mutu anaota ndoto."

Kule juu uani nilisikia sauti ya Plamedi.

"Si hapo, muyomba," nikasema.

Alinitazama. Hajawahi mtu mzima kunitazama vile, kama mimi ndiye mkubwa na yeye ndiye anayeomba. Ninakumbuka huruma, ndiyo. Lakini ninakumbuka pia utamu wa kujua kitu asichokijua mwanaume mwenye mabega kama yale. Nilikuwa na vyote viwili, na mpaka leo sijui kipi kiliinyanyua miguu yangu. Nilimwongoza kwa kuzunguka pembeni mpaka mwisho wa kinamasi, nikayatenga mafunjo kwa mikono, nikakanyaga pale penye ugumu.

"Hapa," nikasema. "Lakini usiseme ni miye."

"Sitasema," alijibu. Na hakusema kamwe, mpaka kufa kwake.

Kesho yake Koko alikwenda mtaa wa Saio kupeleka mikeka kwenye nyumba ya msiba. Alipotoka tu, mjomba alishuka. Ukingo ambao tuliukanyaga kwa miguu mwaka baada ya mwaka aliutoboa kabla jua halijafika utosini. Maji yalitoka kwanza kwa kusitasita, ya kahawia, kisha yakapata njia yakaanza kukimbia. Sikuwahi kuyaona maji yale yakikimbia. Yalifanya kelele kama watu wengi wanaoondoka pamoja. Watoto wenzangu walishangilia. Baada ya muda kambare walianza kurukaruka kwenye matope yaliyobaki, na majirani wakaja na mabeseni, na Mama Espe akaingia mpaka kiunoni akicheka, mara ya kwanza tangu afike kwetu. Mimi pia niliingia. Nilishika samaki wawili. Nilifurahi.

Koko alirudi alasiri. Alisimama juu ya mteremko na kifurushi chake kichwani. Watu walipomwona walitoka matopeni mmoja mmoja. Alishuka mpaka kwenye mtaro, akayatazama maji yanayopita, akamtazama mwanawe.

"Nani alikuonyesha?"

"Nilitafuta tu, mama."

"Haukutafuta. Hapa hapatafutwi." Akamgeukia mama yangu, aliyekuwa anapasua samaki kwenye beseni. "Mado."

"Mama, haiko miye."

"Tuko watatu tunajua. Miye nilikuwa Saio. Na mutoto hawezi kufanya vile."

Mutoto hawezi. Alisema hivyo bila hata kunitazama, jinsi mtu anavyosema jua litakuchwa. Mama alinitazama, mara moja tu, kwa muda wa kupepesa jicho. Mimi niliangalia samaki. Mama akarudi kupasua.

"Basi," Koko alisema. Akapanda nyumbani.

Tangu siku ile hakuzungumza na mama yangu ila kwa mambo ya chumvi na kuni. Walikaa chumba kimoja, wakapikia moto mmoja. "Chumvi iko wapi." "Iko pale." Ndivyo walivyoishi. Kwangu Koko alikuwa vilevile, hata alizidi upole. Aliniita karibu naye nisuke. Mara nyingi alisema, "Sasa tumebaki siye wawili." Nami nilikaa pale, mafunjo mikononi, shingo imeniuma kwa kuinama.

Lazima niseme ukweli wote. Shamba lilitoa. Lengalenga, mchicha wetu, zilitoka nene, zinang'aa, na maharagi yakazaa kuliko nilivyowahi kuona. Tulikula. Mama Espe alipata maziwa tena, na Plamedi akaota mashavu, akatambaa, akasimama kwa kushika ukuta. Alijua kuniita, "Deba." Majirani walikuja kuomba sehemu, mjomba akawagawia, na kila mmoja akachimba mtaro wake mdogo kuelekea ule mkubwa. Mimi nilijiambia kwamba Koko alikosea. Nilijiambia hata kwamba Mukaaji hayupo, na nilijivunia kidogo. Koko alipika mboga za shamba lile kwa mikono yake, akatugawia, lakini yeye hakuzionja.

Kisha kiangazi kikaingia.

Udongo mweusi ulikauka ukawa mwepesi kama majivu, ukapasuka, ukazama. Ungeweza kutia mkono mzima ndani ya ufa. Kwenye sursi mstari wa bidoni ulizidi kuwa mrefu, kwa sababu bidoni iliyojaa kwa muda wa wimbo mmoja wa kanisani sasa ilihitaji ibada nzima. Maji yakawa kama uzi. Baadaye yakawa matone, na watoto waliweka jani kuyaongoza. Siku moja nilikuta mawe yamekauka, na nyuki wamekaa juu yake wanatafuta unyevu.

Mjomba alichoma magugu ili alime tena. Moto ulizimika juu, lakini ulikuwa umeingia chini. Kwa siku nyingi moshi ulitoka ardhini bila mwali, hapa na pale, na harufu yake ikajaa nguo zetu. Ukipita ulihisi joto kwenye nyayo. Watu waliogopa. Walimjia Koko wakamwambia Mukaaji amekasirika, amwombe, awaambie walete nini, kuku au nini.

Koko alikuwa ameketi mlangoni. "Hajakasirika," aliwajibu. "Alishaenda. Ile inayoungua ni nyumba yake tu."

Hakusema kwa ushindi. Maneno yake yalikuwa yametimia mbele ya kila mtu, na sijawahi kuona mtu asiyefurahia namna ile kuonekana amesema kweli.

Tulianza kwenda mtoni, mbali, kuvuka barabara kubwa. Ilichosha lakini iliwezekana. Halafu mapigano yakaingia mjini kwetu. Sitaeleza nani alimpiga nani. Sisi tuliyajua kwa sauti, kutoka upande huu, kisha upande ule. Tulilala chini ndani ya nyumba, magodoro yameegemezwa madirishani, watu tisa, bidoni mbili za maji. Siku ya kwanza tulikunywa. Siku ya pili Mama alianza kupima kwa kikombe. Siku ya tatu bidoni zilikuwa tupu, na kwenda mtoni ilikuwa kufa, kwa maana barabara kubwa ilikuwa wazi pande zote.

Zamani, mapigano madogo yalipotokea, tulishuka nyuma ya nyumba, tumeinama, miti inatuficha, tukachota kwenye sursi. Nilikumbuka hilo nikiwa nimelala kifudifudi. Kila mtu mle ndani alilikumbuka. 

Plamedi alilia kiu. Mjomba alitambaa nje, akashuka mpaka kwenye mtaro wake. Mwishoni mwa mtaro palikuwa na shimo lenye maji yaliyobaki, ya kahawia, yamelala jua zima, mahali ambapo mbuzi waliingia na watu wasio na choo walijisaidia karibu. Alijaza bidoni moja. Makaa yalikuwa yamekwisha, na kuni tuliogopa kuwasha moshi usionekane. Mama Espe alichuja maji yale kwa kitenge, mara mbili, mara tatu. Tukanywa.

Wengi wetu tuliumwa tumbo. Plamedi ndiye aliyeshindwa. Alianza kuharisha asubuhi, na mchana macho yake yalikuwa yameingia ndani. Mama Espe alimlaza mapajani, akaimba kidogo, akaacha, akaimba tena. Kituo cha afya hakikuwa mbali, siku nyingine ungefika kabla maji hayajachemka. Mjomba alisimama mlangoni mara tatu na mtoto mikononi ili atoke naye, na mara tatu risasi zilimrudisha. Kesho yake, kulipopambazuka, palikuwa kimya nje. Ndani pia palikuwa kimya. Koko ndiye aliyemfunga Plamedi kwenye mkeka mdogo, mpya, ambao alikuwa amesukia mtoto wa mtu mwingine.

Tulimzika uani, upande wa mparachichi. Mchungaji hakuweza kufika. Mama yangu aliomba.

Mapigano yalipotulia, mjomba alichukua jembe akashuka. Alianza kuufukia mtaro. Hakumwita mtu. Koko alimtazama kutoka juu kwa muda mrefu, kisha akafunga kitenge kiunoni, akashuka. Mama akafuata. Mimi na Espe tukafuata. Tulibeba udongo wa mfinyanzi kwa mabeseni yaleyale ya samaki.

Mjomba alisimama alipomwona mama yake. Aliliweka jembe chini, nyuma yake, kama mtoto anayeficha kitu. "Nitafanya kwa mikono, mama," alisema.

"Chukua jembe," Koko alijibu. "Sasa itamusumbua nani? Hakuna mutu mule ndani."

"Atarudi?"

"Siye tufunge. Kurudi ni mambo yake."

Mjomba alifukia kidogo, kisha akasimama tena. Uso wake ulikuwa umelowa, na halikuwa jasho peke yake. "Mama, ningefanya nini? Niambie. Ile siku, ningefanya nini?"

Koko aliweka mkono wake mgumu kwenye mgongo wa mwanawe, ukakaa pale. "Sijui, mutoto yangu," alisema. "Miye pia sikujua. Lakini dada yako alijua mudomo ni nini, na alikuonyesha."

Mama alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, anakanyaga. Aliendelea kukanyaga. Mjomba alinitazama juu ya bega la Koko. Alikuwa ameahidi kutosema, na alikuwa anangoja, nilijua, niseme mwenyewe. Nilifungua mdomo. Niliona uso wa Koko, na nikaona kwamba nikisema, hatakuwa na mtu hata mmoja. Ndivyo nilivyojiambia. Mtoto hutafuta sababu nzuri haraka sana. Nikainama nikachukua beseni.

Mvua zilipoanza, ukingo ulishika, lakini si kama zamani. Maji yalikaa juu ya udongo ulioungua kama maji kwenye sahani, yakaondoka na jua. Udongo ulikuwa umesahau kunywa. Mafunjo yalirudi mwaka uliofuata, membamba, pembeni tu. Koko alifariki mwaka huohuo, kwa ugonjwa wa kifua. Siku zake za mwisho mimi nilimlisha uji, mama yangu alimwosha. Alinibariki kwa jina. Kwa mama alisema, "Geuza muto wa kichwa." Nilikuwa pale, nilisikia. Hata wakati ule sikusema.

Leo mimi ni mama wa watoto watatu, na bado nipo Ngezi. Pamoja na wanawake wenzangu tunalinda kilichobaki cha kinamasi, kwa sababu kila mwaka anatokea mtu anayetaka kukikausha, mmoja ajenge, mwingine alime. Wengi wao ni wakimbizi, kama mjomba wangu, na ninawajua kwa jinsi wanavyoitazama mikono yao. Siwezi kuwafukuza kwa hadithi ya Mukaaji. Tumewatafutia sehemu ya juu mteremkoni walime, tunawapa mbegu na kazi ya kuziba matundu ya kaa pamoja nasi. Wengine wanakubali. Sursi inatoa maji tena, unene wa kidole changu kidogo, na kiangazi kikali kinaikausha. Kijana mmoja aliyesomea mambo ya maji alitueleza kwamba udongo ule ni kama sifongo: unapokea polepole, unatoa polepole, na ukiutoboa mahali pamoja unauharibu wote. Wanawake walitikisa kichwa kwa kushangaa. Mimi nilimkumbuka mzee mmoja aliyekuwa anasema jambo hilohilo akiwa peku.

Sijui kama Mukaaji yupo. Ninachojua ni kwamba woga wa mwanamke yule asiyeonekana ulitupa maji safi kwa vizazi kadhaa, na kwamba woga peke yake haukutosha siku njaa ilipokuja.

Mwaka jana, baada ya mazishi ya Mjomba Anselme, nilimwambia mama yangu. Tulikuwa tunapembua mchele, sisi wawili. Nilisema yote bila kupumzika, kama mtu anayetapika.

Mama aliendelea kupembua. "Nilijua ile siku ile," alisema. "Uliangalia samaki."

"Juu ya nini haukusema, mama? Koko alikulaumu mupaka kufa."

"Ningesema, hangekupeleka tena kule. Angefunga yote moyoni mwake, na ingeishia pale. Miye nilikuwa tayari mutu muzima, nilishajua mambo yake. Weye ulikuwa bado unajifunza."

Nilimwomba msamaha. Alisema alikwisha kunisamehe kabla samaki wale hawajaiva, na ninaamini. Lakini nilimwona akipitisha kidole kwenye mchele, mahali pamoja, mara nyingi, pasipo na jiwe. Alikuwa na umri ambao Koko alikuwa nao wakati ule. Miaka miwili mizima, chumba kimoja, alimsikia mama yake akinisemesha mimi kwa upole, na yeye akaulizwa chumvi iko wapi.

Watoto wangu wananiuliza kwa nini naamka mapema hivyo kila mwanzo wa mvua kwenda kukanyaga matope. Nawaeleza juu ya maji, kwa kuwa hilo naweza kulieleza. Maji yamerudi, kidogo. Neno moja ambalo Koko angelisema kwa mama yangu, kama mimi ningesema langu, halitarudi, na hilo hakuna mtu ninayeweza kumpa kazi ya kuliziba pamoja nami.